Mieleka ya Kibanda cha Shelly

Miongoni mwa wakazi wa Shelly Beach, Likoni, waliozaliwa katika miaka ya sabini, upo ubishi usiokwisha. Hauhusu siasa wala bei ya samaki, bali siku Hulk Hogan alipomwinua Andre the Giant na kumpiga mwereka. Tukio hilo lilitokea Machi 29, 1987 huko Pontiac, jimbo la Michigan, nchini Marekani. Shelly lilifika baadaye, ndani ya kanda ya vidio iliyochakaa, picha ikitetemeka na sauti ikikwaruza. Hadi leo watu wazima wenye wajukuu huinuka vitini wanapolisimulia.

Kumbukumbu zao huanzia katika kibanda cha makuti na mabati. Kiingilio kilikuwa sarafu ya shilingi tano. Asiyekuwa nayo alichungulia tunduni hadi alipofukuzwa. Ndani walibanana wavuvi, makuli wa bandari ya Kilindini, utingo wa malori, watoto waliotoroka chuoni na mafundi waliotoka bara. Mdigo alikaa ubavuni mwa Mluo, Mkamba akaegemea bega la Mswahili, na jasho likawa moja. Mwenye kibanda alijitwika kazi ya ukalimani. Kiingereza chake kilikuwa haba lakini ubunifu wake ulikuwa tele: alipotokea Jake Roberts na chatu wake, aliapa kwamba nyoka yule alinunuliwa Kwale. Aliyebisha aliambiwa atoke nje akatazame bahari bure.

Mwanafasihi hatashangaa. Mwaka 1957, Roland Barthes alikifungua kitabu chake Mythologies kwa insha kuhusu mieleka, akishikilia kuwa mieleka si mchezo wa kushindana bali ni tamasha, ambamo mateso, kushindwa na haki huonyeshwa waziwazi. Watazamaji wa Shelly hawakumsoma Barthes, wala hawakumhitaji. Walikuwa hadhira ya ngano: waliitikia, wakakemea, wakaonya. "Nyuma yako!" walipiga ukelele, wakimwonya mtu ambaye pigano lake lilikuwa limekwisha miezi mingi kabla, ng'ambo ya bahari. Undertaker alipoanza kuonekana, baada ya Novemba 1990, hata waliojitia ujabari walirudi majumbani wakiikwepa njia ya makaburini.

Mhusika aliyezua mjadala mkubwa zaidi ni Kamala, aliyetangazwa kuwa jitu la Uganda. Aliingia ulingoni miguu mitupu, uso umepakwa rangi, nyota na mwezi vimechorwa kifuani na tumboni, mkononi ana mkuki. Ilidaiwa kuwa aliwahi kumlinda Idi Amin. Watoto walitetemeka. Utingo mmoja, aliyezoea kusafiri na shehena kutoka Kilindini hadi Kampala, alicheka hadi akakohoa. "Waganda ninaowajua mimi," alisema, "hupiga pasi hata soksi." Hakukosea. Kamala alikuwa James Harris, Mmarekani wa Mississippi, na katika maisha yake aliwahi kuendesha malori, kazi moja na ya mabwana wa yule utingo. Kisukari kilimpotezea miguu yote miwili, na alifariki Agosti 2020. Inafaa kusema wazi kuwa sanaa ile ilimdhalilisha Mwafrika. Ni ajabu pia kwamba waliokuwa wa kwanza kuugundua uongo wake ni watazamaji ambao hawakutarajiwa kamwe na waliouandaa.

Kuhusu uongo, ikumbukwe kuwa mwaka 1989 wenye mieleka hiyo walikiri mbele ya watunga sheria wa New Jersey kwamba ni burudani iliyopangwa, ili waepuke masharti ya michezo halisi. Habari hizo zilipofika Shelly, kijana mmoja aliwasuta wakubwa wake kwa kupoteza sarafu zao. Mvuvi mmoja akamjibu, "Mwanangu, na kirumbizi cha Lamu ni vita? Fimbo zinalia, na mtu anarudi kwake na meno yake."

Vita halisi vilikuja. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni pamoja na kile cha feri, wakaua polisi na raia. Ghasia zilizofuata ziliwalenga watu wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa Pwani, na maelfu walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni. Kibanda kilifungwa. Wanaosimulia hufika hapa wakapunguza sauti, na wengine huruka moja kwa moja hadi mwaka 1998. Jambo linalowasumbua halijapata mfasiri: katika ukumbi ule kila mtu alimjua mwovu kwa vazi lake na wimbo wake wa kuingilia, ilhali Agosti ile waliokimbia hawakujua nani kati ya waliobanana nao bangoni angewaficha na nani angewaonyesha.

Fundi mmoja wa seremala alifichwa na yule mvuvi, chini ya nyavu, siku mbili. Kisha akavuka feri na hakurudi kuishi Likoni tena. Baada ya miaka mingi wakapatana kwa simu, na Hogan alipofariki Julai 24, 2025, fundi ndiye aliyepiga. Hawakugusia nyavu. Walizungumza juu ya Andre, ambaye wakati ule mgongo ulikuwa unamuuma na ugonjwa ulikuwa umemzidi. Alifariki Januari 1993.

"Hogan alimwinua kwa nguvu zake," fundi alishikilia.

"Hata kidogo, ndugu yangu," mvuvi akasema. "Jitu kama lile haliinuliwi. Alijiachilia."

Waliendelea kubishana hadi salio la fundi likaisha, na mvuvi akampigia yeye.