Bastola Tupu na Kidole cha Shahada

Mkufunzi anayesimuliwa hapa ndiye aliyeshika kalamu. Amejiandika kana kwamba anamtazama mtu mwingine kwenye mstari wa kufyatulia, kwa sababu katika miaka yote ya kazi hakuwahi kufanikiwa kumrekebisha askari aliyekataa kujitazama. Aliingia uaskari akiwa kijana, akastaafu na mvi, na katikati ya hapo kazi yake kubwa ilikuwa moja: kuwafundisha watu wazima kurudisha nyuma kidole cha shahada kwa kiasi cha kama sentimita moja, bila kuharibu kitu kingine chochote.

Siku za mwanzo risasi zilikuwa za kuhesabu. Kuruti walipanga foleni renji, kila mmoja akapewa mgao wake, akaumaliza kwa dakika chache, karatasi zikakaguliwa. Aliyekosa aliambiwa, "Tuliza mkono." Ushauri huo haukumsaidia mtu. Mkono wake haukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kwenye kidole, na hakuna aliyekuwa akikitazama.

Akiwa mkufunzi msaidizi alinunua mizani ya kuning'iniza, ile wanayotumia wauza samaki, akaifunga kwenye triga za bastola za mafunzo. Nyingi zilikuwa Browning High Power, bastola iliyoanza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1935, yenye magazini ya risasi 13. Vipimo vilipita kilo 3. Bastola yenyewe ikiwa tupu haifiki kilo 1. Basi kuruti alikuwa anavuta kwa kidole kimoja nguvu inayozidi mara tatu uzito wa chombo alichoshika, kisha anashangaa chombo kinapopinda! Glock, iliyokuja baadaye, haina nafuu kubwa: triga yake ya kiwandani huhitaji kama kilo 2.5, na bastola ina mwili wa plastiki, nyepesi zaidi.

Hesabu ya pili aliichora ubaoni kila kundi jipya lilipofika. Kutoka alama ya nyuma ya kulengea hadi alama ya mbele, kwenye Browning, ni kama sentimita 16. Ukiisogeza alama ya mbele kwa milimita 1 tu, kwenye mita 10 risasi itatua sentimita 6 mbali na ulipokusudia. Anayeshikia kwa mkono wa kulia na kuinyakua triga kwa pupa hupeleka risasi zake chini kushoto, tena na tena, na karatasi inamsema.

Lakini mwenyewe haoni. Hilo ndilo lililomfanya mkufunzi huyu aanze kuziamini bastola tupu kuliko zilizojaa. Risasi ya milimita 9 hutoka kwenye mtutu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde baada ya baruti kuwaka. Hakuna mwanadamu anayeweza kutenda lolote ndani ya muda huo. Kinachoharibu shabaha kimeshatokea kabla: mtu amelisubiri teke la bastola, amekaza kiganja, amefumba jicho, amesukuma mtutu chini. Kisha mlipuko na teke vinakuja kufunika ushahidi wote. Ondoa risasi, na ushahidi unabaki wazi mbele ya macho yake.

Njia yake ilikwenda kwa ngazi, na hakumruhusu mtu aruke hata moja. Ngazi ya kwanza haikuwa na shabaha kabisa. Kuruti alisimama mbele ya ukuta mweupe, mtutu karibu na ukuta bila kuugusa, macho kwenye alama ya mbele, akavuta triga polepole mpaka nyundo ianguke. Wengi walichukizwa na ukuta ule. "Afande, tunalenga nini?" waliuliza. Hakuna. Penye shabaha, jicho hukimbilia shabaha na kukisahau kidole. Mbele ya ukuta mtupu mtu hubaki na alama ya mbele peke yake, na ikitikisika anajua nani kaitikisa.

Browning ina ukaidi wake: bila magazini ndani, triga haiangushi nyundo. Kwa hiyo magazini tupu ilibidi iingizwe, na kabla ya kuingizwa ilikaguliwa na watu wawili, kwa jicho na kwa kidole. Kuruti walifanya kazi wawiliwawili. Mmoja anavuta, mwenzake anairudisha nyundo kwa dole gumba ili mvutaji asifumbue mikono yake. Anayerudisha nyundo yuko karibu kiasi cha kuona ukucha wa mwenzake ukibadilika rangi. Wengi walijifunza zaidi katika zamu ya kutazama kuliko katika zamu ya kuvuta.

Ngazi ya pili ilikuwa sarafu. Kwenye Glock, yenye mgongo bapa, sarafu ya shilingi 200 hukaa vizuri nyuma ya alama ya mbele; triga ikivutwa sawasawa, sarafu haianguki. Mgongo wa Browning ni wa mviringo na sarafu huteleza, hivyo wenye Browning walivuka kwenda kwenye nukta ndogo ya kalamu iliyobandikwa ukutani, mita 3 mbele yao. Hapo tu ndipo walipoanza kutoa bastola kwenye mkoba kiunoni, na mwishoni kabisa, kwa saa.

Halafu renji. Hata huko hakuwaachia risasi moja kwa moja. Alizijaza magazini yeye mwenyewe, akichanganya risasi za kweli na za bandia, mpigaji asijue ipi inafuata. Ikifika ya bandia, nyundo inaanguka, hakuna mlipuko, na mtutu unainama mbele ya kikosi kizima. Askari wa miraba minne walicheka kwa aibu. Zoezi hilo halihitaji hotuba.

Kwa waliokata tamaa alikuwa na mfano mmoja. Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria, alilipukiwa na bomu la mkono mwaka 1938 na mkono wake wa kulia, aliofyatulia, ukaharibika. Alijifunza upya kwa kushoto. Vita vikafuta Olimpiki za 1940 na 1944, lakini London 1948, akiwa na miaka 38, alitwaa dhahabu ya bastola ya mita 25 ya kufyatua haraka, na Helsinki 1952 akaitwaa tena. Mkufunzi aliwapendelea kidogo makuruti wa mashoto baada ya kuisoma habari hiyo, na hajutii.

Baada ya kustaafu, wanafunzi wake wakawa wafanyabiashara wa Dar es Salaam wenye leseni. Hawa shida yao ilikuwa kinyume: walikuja na maboksi ya risasi, wakaona bastola tupu ni mchezo wa watoto. Mzee mmoja mwenye vituo vya mafuta alisema hakulipa fedha zake kuja kutazama ukuta. Mkufunzi alimwachia apige boksi zima, akamwonyesha karatasi: fungu kubwa chini kushoto. Akamweleza pia kwamba katika bastola ya upepo ya mita 10 ya Olimpiki, duara la kumi lina kipenyo cha milimita 11.5 na kanuni hairuhusu triga nyepesi kuliko gramu 500. Wenye triga nyepesi kiasi hicho ndio wanaoshinda saa nyingi wakivuta bila risasi. Mzee alinyamaza, akausogelea ukuta.

Kuna tahadhari. Bastola nyingi za .22 hazifai kuvutwa zikiwa tupu, kwani pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Kwa hizo, risasi bandia ni lazima. Ukuta wa matofali yenye matundu si kinga, na nyuma ya zoezi panahitajika gunia la mchanga. Hatari kubwa kuliko zote huja zoezi likiisha: mtu amejaza risasi, kisha anataka kuvuta "mara moja tu ya mwisho." Mkufunzi aliwalazimisha wanafunzi waseme kwa sauti, "Nimemaliza," na baada ya neno hilo bastola haikuelekezwa tena ukutani siku hiyo.

Kwa mwenye leseni anayesoma haya: anza na dakika kumi leo jioni. Risasi zote ziwe chumba kingine kilichofungwa, watoto wasiwepo, chemba na magazini vikaguliwe mara mbili. Shabaha usiibandike bado.