Dadu Uwanjani

Nilipoitazama Queens League kwa mara ya kwanza, nilikasirika. Ligi hiyo ya kabumbu ya wanawake ilianza Uhispania mwaka wa 2023, ikiwa dada ya ile ya wanaume iliyobuniwa na Gerard Piqué. Huchezwa na wachezaji 7 kila upande, vipindi 2 vya dakika 20. Gozi lilidondoshwa katikati ya uwanja, timu zikalikimbilia kutoka langoni mwao. Palikuwa na kadi za siri. Kisha dadu ikarushwa ili kuamua ni wangapi wangesalia uwanjani. Dadu, jamani! Kwani mchezo wetu haujadhihakiwa vya kutosha?

Hasira ilipopoa, nilikikumbuka kiwanja cha kijijini. Wavulana walikimiliki, sisi tulingoja wachoke. Idadi yetu nayo iliamuliwa na kuni na maji: leo saba, kesho watatu. Mimi mwenyewe niliitwa nyumbani tukiongoza, mtungi ukiwa mtupu, nikaondoka bila kuaga. Hiyo nayo ilikuwa dadu, ila ilituangukia sisi pekee. Ile ya Barcelona ilizipunguza timu zote mbili sawasawa.

Nilitazama hadi kipenga cha mwisho. Kadi za siri bado sizipendi.