Viatu Vinapotaja Mtaa Wako

Msomaji mpendwa, kabla hujaendelea kusoma, hebu vitazame viatu ulivyovivua mlangoni jana. Vigeuze uone soli. Ikiwa wewe ni mkaazi wa Nairobi, udongo ulioganda pale waweza kumweleza mtu mengi kukuhusu kabla hujafungua kinywa.

Leo nakualika tufunge safari fupi ndani ya jiji letu, kutoka mashariki hadi magharibi. Hatuhitaji pasipoti wala mizigo. Nauli ya matatu mbili yatosha.

Tuanzie Kayole, saa kumi na moja alfajiri, baada ya mvua ya Aprili kunyesha usiku kucha. Sehemu hii ya jiji ni tambarare na maji hayana pa kukimbilia. Udongo wake ni mweusi. Ukilowa hufura na kunata kama ugali mbichi, na ukikauka hupasuka nyufa za kumeza kidole. Ndio maana anayejenga huku hulazimika kuchimba na kuuondoa kwanza, la sivyo kuta zitapasuka pamoja nao.

Tazama watu wanavyoelekea kituoni. Huyu amevaa gambuti, yule ndara, na kila mmoja amebeba viatu vizuri ndani ya mfuko. Wakifika mjini watabadilisha, au wataketi kwenye kiti cha mpiga rangi viatu kando ya barabara. Wanajua kuwa tope hilo likifika nao ofisini litawatangulia kutaja mtaa wao.

Tope si shahidi pekee. Dukani hapo kando, mama ananunua mafuta ya kupikia ya kupimiwa, sukari robo, na kijipakiti cha majani ya chai cha siku moja. Nje kuna mitungi ya lita ishirini imepangwa foleni ikisubiri maji. Jumlisha vikombe vyote vya mwezi mzima na utagundua kuwa anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi ya yule anayenunua debe zima. Ndivyo ilivyo kwa maji pia: anayenunua kwa mtungi hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye mfereji nyumbani. Kwa hivyo usidhani kuwa mama huyu hajui hesabu. Anaijua sana, ila fedha za debe hazimfikii mkononi kwa siku moja.

Matatu yetu sasa imeingia Jogoo Road. Mkono wa kulia ni Buruburu, mtaa uliojengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa watu wenye kazi za mshahara. Hapa naomba uniruhusu nikusimulie jambo.

Nilipokuwa mwanafunzi katika miaka ya 1990, babake mwanafunzi mwenzangu alitupa lifti usiku mmoja baada ya tamasha la muziki. Wao waliishi Loresho. Aliponiuliza nashukia wapi, nilijibu Buruburu. Nikashuka penye taa nzuri, nikawapungia mkono, nikangoja gari lipotee. Kisha nikatembea kwenye mvua mpaka Kayole.

Mama alinifungulia mlango akaviangalia viatu vyangu. "Gari halikuweza kufika?" akauliza. Sikujibu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Unaionea haya nyumba, ama unanionea haya mimi?"

Hakungoja jibu. Aliviosha viatu, akavijaza karatasi za gazeti, akaviweka kando ya jiko la makaa vikauke.

Tuendelee na safari, msomaji. Tunapopita Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika, ni vyema tukumbuke kuwa mpangilio huu haukutokea kwa bahati. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Wazungu walijichagulia vilima vya magharibi penye hewa safi na ardhi isiyotuamisha maji. Wahindi wakapata sehemu kama Ngara na Parklands. Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye tambarare, karibu na reli na viwanda alikohitajika kufanya kazi.

Na kuanzia mwaka wa 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, cheti kilichowekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kila aliyemwona alijua papo hapo yeye ni nani mbele ya serikali. Kipande cha shingoni kiliondoka kabla ya uhuru wa 1963, na sheria za kutenga watu kimakazi nazo zikaondoka. Lakini bei ya ardhi ilibaki ikifanya kazi ileile, na udongo ukabaki palepale.

Tumefika mjini. Tubadilishe matatu, tupande Waiyaki Way kuelekea magharibi. Utahisi barabara ikipanda. Mwinuko huu ndio unaotiririsha maji ya mvua, na mawe ya volkeno ya huku yamemomonyoka yakawa udongo mwekundu unaopendwa na kahawa na maua.

Tukishuka Loresho tutakutana na dalili za aina nyingine, ambazo wenyewe hawazioni. Hakuna anayepiga hodi huku. Kuna kengele, lango, na askari mwenye kitabu cha kuandikia wageni. Mgeni hupiga simu kwanza. Kule Kayole, jirani huingia akiwa na kikombe mkononi akiomba chumvi, naye huambiwa aketi anywe chai. Huku kijana anaweza kuacha nusu ya soda mezani, asihesabu chenji, na ukimwuliza bei ya pakiti ya unga akatazama dari. Hajivuni hata kidogo. Hajawahi kutumwa dukani, basi.

Nasi tuna zetu. Vitambaa vya kufumwa juu ya makochi. Glasi za wageni ambazo watoto hawazigusi. Tyubu ya dawa ya meno inayokatwa kwa makasi ili mabaki yapatikane. Mkebe wa aiskrimu unaokufanya umeze mate, kumbe ndani mna maharagwe. Hata aliyehamia nyumba kubwa na kununua gari, mkebe huo humfuata mpaka ndani ya friji yake mpya.

Lakini usiwe mwepesi wa kuhukumu kwa dalili hizi. Vuka kidogo kutoka Loresho nawe uko Kangemi, ambako familia nzima hukaa chumba kimoja. Udongo ni ule ule mwekundu. Kila asubuhi watunza bustani na yaya hutoka Kangemi kuingia katika majumba hayo, na jioni hurudi na tope la rangi sawa na la matajiri wao. Ndivyo ilivyo pia kati ya Mathare na Muthaiga. Anayesoma viatu peke yake atakosea.

Na kosa hilo lina gharama. Wahenga walisema, maskini haokoti, akiokota huambiwa ameiba. Kijana mwenye viatu vya tope husimamishwa langoni na kuulizwa maswali, huku mwenye gari akifunguliwa bila hata kusalimiwa. Anayetafuta kazi huangaliwa miguu kabla ya vyeti vyake kusomwa.

Nimalizie kisa changu. Miaka mingi baadaye nilikutana na yule mwenzangu wa Loresho. Tukacheka ya shuleni, nikajikaza nikamwungamia kuhusu ile lifti. Akatabasamu. "Tulijua," akasema. "Tulikuwa tukikuona kila Jumatatu na tope jeusi kwenye viatu, na Buruburu kuna lami. Baba alitaka kukufikisha kwenu, nikamwambia tukuache, usije ukaona aibu."

Basi uongo wangu haukumdanganya yeyote. Aliyeumia ni mama peke yake.

Wewe mzazi unayesoma ukurasa huu, mtoto wako ataulizwa anakotoka, kama si leo ni kesho. Mfundishe kupaka viatu rangi, kwani unadhifu ni jambo jema. Lakini mweleze pia ni kwa nini tope la kwenu ni jeusi, nani aliyewaweka watu huko, na ni jasho gani linalolipa kodi ya nyumba hiyo. Nawe mwanafunzi, mwenzako akikufungulia mlango wa gari na kukuuliza ushushwe wapi, taja kwenu.

Mimi siku hizi hutaja. Na kila mvua inaponyesha, bado najaza viatu karatasi za gazeti kama mama alivyofanya usiku ule. Hukauka vizuri sana.