Bundibugyo: Ramani iliyochorwa kwa matone ya damu

Ukitoka Fort Portal, magharibi mwa Uganda, barabara inazunguka ncha ya kaskazini ya milima ya Rwenzori, kisha inateremka kwa kona kali hadi bonde la Mto Semliki. Baridi ya mlimani inabaki nyuma. Huku chini ni joto, mvua, migomba na mashamba ya kakao. Ng'ambo ya mto ni Congo. Hapa ni Bundibugyo, na jioni mbu hawakosi.

Mbu hao ndio chanzo cha habari hii. Kwa vizazi vingi malaria imeua watoto wa mabonde kama hili. Mtoto aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita, alipata kinga dhidi ya malaria kali. Alikua, akaoa au akaolewa, akakirithisha kwa wanawe. Lakini mtoto anayerithi viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, huzaliwa mgonjwa: damu hupungua, vidole huvimba, mifupa huuma hadi analia usiku kucha.

Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper waliripoti kuwa miongoni mwa Waamba, wenyeji wa bonde hili, takriban watu 45 kati ya 100 walikuwa na kinasaba hicho. Hata hivyo, ramani ya nchi nzima ilisubiri miongo mingi.

Ilipatikana kwa njia rahisi. Matone ya damu ya watoto wachanga, yaliyokaushwa kwenye karatasi na kupelekwa Kampala kupimwa VVU, yalipimwa tena kutafuta selimundu. Matokeo ya watoto zaidi ya 97,000 yalichapishwa mwaka 2016: karibu 13 kati ya 100 walikuwa wamebeba kinasaba. Bundibugyo ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizovuka 20 kati ya 100. Kwenye milima ya kusini magharibi, ambako mbu ni wachache, idadi ilikuwa ndogo.

Faida ya ramani ni kujua pa kuanzia. Mtoto akigundulika mapema huandikishwa kliniki, hupewa penisilini ya kuzuia maambukizi na dawa ya kuzuia malaria, na wazazi hufundishwa dalili za hatari. Asiyegundulika hufa kwa "homa" tu, na nyumbani lawama huangukia uchawi au ukoo wa mama.

Lawama hiyo haina msingi. Wazazi wote wawili wakibeba kinasaba, huwa wazima kabisa, lakini kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa.

Tanzania nayo iko kwenye ramani hiyo, hasa Kanda ya Ziwa na Pwani. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Kwa wanaojiandaa kuoana, kipimo ni tone la damu. Waende wote wawili.