Kondoo wa Pumlumon

Juzi tulipanda Pumlumon, huku Wales ya kati, mita 752. Bila kibali! Sheria ya mwaka 2000 inamruhusu yeyote kutembea kwa miguu kwenye vilima kama hivi. Juu ni nyasi, matope meusi na upepo, basi. Mito ya Severn na Wye inaanzia hukohuko matopeni, huwezi kuamini.

Kimya kilitusumbua. Sisi wa Kivu tunajua, kilima kikinyamaza hivyo unakimbia. Tukatembea tumebanana, tunageuka nyuma kila mara. Kumbe ni kondoo tu, wamepakwa rangi mgongoni, hakuna mchungaji.

Sasa hawapotei? Tukamuuliza mzee mfugaji kule chini. Akasema kondoo mama humfundisha mwanawe eneo lao, Kiwelshi wanaita *cynefin*. Ndiyo maana shamba likiuzwa, mara nyingi kundi huuzwa pamoja na mlima wake.

“Na wakiletwa wageni, mzee?” mdogo wetu mmoja akauliza.

“Unakaa nao mlimani. Wakitoka unawarudisha, wakitoka unawarudisha. Miaka.”