Nyota Inapong'aa Kupita Kiasi

Ninasoma eksirei za nyota nikiwa Mubuku, wilaya ya Kasese. Eksirei hizo hazifiki ardhini. Hewa huzimeza zote, hata ukipanda kilele cha Margherita, mita 5,109. Ndiyo maana vigunduzi hupelekwa angani. Satelaiti ya kwanza ya kazi hiyo pekee, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Mimi natumia data za darubini ya Chandra, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzipakua.

Wengi hudhani nyota hafifu ndizo ngumu. Zinazonipa kazi kubwa ni zile kali. ACIS, kamera ya Chandra, kwa kawaida hukusanya fotoni za eksirei kwa sekunde 3.2, ndipo picha isomwe. Kamera hiyo hupima nishati ya fotoni mojamoja. Mbili zikiangukia mahali pamoja kabla ya kusomwa, huandikwa kuwa moja yenye nishati ya zote mbili. Ni kama karani wa lango la mpakani Mpondwe siku ya soko, anayeinua macho mara mojamoja: akina mama wawili wakipita bega kwa bega na magunia yao, yeye huandika mtu mmoja mwenye mzigo wa watu wawili.

Matokeo yake, nyota huonekana hafifu kuliko ilivyo, na eksirei zake huonekana na nishati kubwa kuliko zilivyo. Mrundikano huu wa fotoni ukizidi, alama zake hufanana na za miale ya kosmiki, hivyo hutupwa. Picha ya nyota angavu kabisa hubaki na tundu katikati.

Kwa hiyo kabla ya kuchora spektra, nakadiria fotoni zinazoingia katika kila picha. Zikizidi, naacha kitovu na kupima pembezoni, ingawa huko fotoni ni chache. Anayepanga uchunguzi mpya ana nafasi nzuri zaidi: akiagiza isomwe sehemu moja ya nane tu ya kamera, muda hushuka hadi takriban sekunde 0.4.

Vijana wa Kasese na Bwera wanaoipenda kazi hii nawasihi wajifunze kifaa kabla ya nyota. Data zilizoharibiwa na mrundikano hufunguka vizuri na huchora grafu ya kupendeza. Atakayeutambua uongo wake ni yule ajuaye jinsi kigunduzi kinavyohesabu.