Thika Si Mananasi Pekee

Mtu wa pwani akitajiwa Thika hukumbuka mananasi. Ni haki yake, kwani mashamba ya mananasi karibu na mji huo yametandaa hadi upeo wa macho, na matunda yake husindikwa papo hapo na kupelekwa ng'ambo. Lakini sisi tuliolelewa kwa embe, fenesi na shokishoki hatukupanda treni ya Madaraka hadi Nairobi, kisha matatu kwa kilomita zipatazo 40 katika barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012, ili tule tulichokiacha nyumbani. Tulikwenda na watoto kutafuta matunda ambayo pwani ni adimu kuyaona mtini.

Watoto waliuliza kwa nini mti ustawi huku usistawi kule, na hali nchi ni moja. Jibu ni mwinuko. Thika iko nyuzi moja tu kusini mwa Ikweta, lakini imekaa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6. Ndiyo maana mnazi haupendi huko, na mti uliotoka kwenye milima ya Amerika ya Kusini hujiona uko kwao.

Ipo raha nyingine katika safari ya namna hii. Familia zetu zikiwa bara hulazimika kuuliza kila hotelini ni nani aliyechinja. Tunda haliulizwi mchinjaji. Lioshe, sema Bismillahi, ule.

Katika Soko la Madaraka, wauzaji hupanga bidhaa zao kwa mafungu, na fungu la kwanza kuvuta macho ni la matunda damu. Umbo lake ni la yai, ganda lake ni jekundu la kuiva, na ndani mna nyama ya rangi ya chungwa iliyozunguka mbegu nyeusi. Ni jamaa wa nyanya na bilingani. Ganda lina uchungu, kwa hiyo hukatwa kati na kukombwa kwa kijiko, au hutiwa maji ya moto kidogo likamenyeka. Ladha yake ni ukali wa ukwaju uliochanganyika na utamu mdogo. Anayependa hunyunyiza sukari.

Hapa inafaa akina mama tusikilizane vizuri. Muuzaji atakwambia kwamba tunda hili huongeza damu, na wajawazito wengi hulinunua kwa nia hiyo. Jina lake, hata hivyo, linatokana na rangi. Madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji ili kutengeneza damu, si mengi ndani yake. Lililo nalo kwa wingi ni vitamini C, na kazi ya vitamini hiyo ni kuusaidia mwili kufyonza chuma kilichomo katika kunde, maharage na mchicha. Basi lile pamoja na mlo wa namna hiyo, litafaa. Vidonge ulivyopewa kliniki usiviache kwa sababu ya glasi ya juisi nyekundu. Na chai au kahawa isiandamane na mlo huo, kwani huzuia chuma kisifyonzwe.

Kando ya matunda damu tuliwakuta ndugu wa karibu wa stafeli na topetope: matomoko ya bara, yenye nyama nyeupe laini kama maziwa yaliyoganda. Palikuwa pia na nathi, kama Wakikuyu waviitavyo, vitunda vidogo vya manjano ambavyo kila kimoja kimefungwa ndani ya ganda jepesi mfano wa karatasi. Watoto walivipenda kwa sababu kula kwake ni kama kufungua zawadi. Chagua vilivyoiva kabisa. Vibichi vyenye rangi ya kijani havifai kuliwa. Lokwati nazo, zenye asili ya China, zina ukali na utamu kwa pamoja. Mbegu za lokwati na za matomoko zitolewe kabla ya kutia tunda katika blenda, maana zikisagwa zina sumu.

Makadamia ni habari nyingine. Asili yake ni Australia, na sasa mti huo umeenea katika mashamba ya wilaya hizi. Ganda lake ni gumu kushinda kungu, na mtoto wa pwani aliyezoea kupasua kungu kwa jiwe barazani hahitaji kufundishwa.

Tulimalizia Ruiru, kwa tunda ambalo pwani hulinywa kila jioni bila kulijua sura. Buni ikiiva huwa nyekundu, nayo ina nyama nyembamba yenye utamu ambayo unaweza kuifyonza kabla ya kuitema kokwa. Kokwa hiyo ndiyo kahawa ya madele yetu. Ruiru ndiko kiliko kituo cha utafiti wa kahawa, na aina iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilizalishwa hapo ili istahimili ugonjwa wa buni uliokuwa ukiangamiza mazao. Lakini mikahawa ya Ruiru inapungua. Mashamba mengi yamegeuka mitaa ya nyumba, kwa kuwa ardhi iliyo jirani na Nairobi humpa mwenyewe fedha nyingi kwa kuiuza kuliko kwa kuilima. Hatuwezi kumlaumu mwenye shamba. Hata hivyo, anayetaka kuwaonyesha wanawe mkahawa wenye buni nyekundu asikawie sana.

Kwa watakaokwenda: mavuno makubwa ya buni huwa kati ya Oktoba na Desemba. Nunueni matunda damu ambayo bado ni magumu, myapange katika kikapu badala ya mfuko wa plastiki, nayo yatafika Mombasa yakiwa salama. Ombeni kuonja kabla ya kununua, wauzaji hawakatai. Na matunda yakifika nyumbani, jirani apate fungu lake, kwani huenda hajapata kuyaona.